Kupunguza siku za kazi karibu na kustaafu bila kupoteza bima ya afya: mwongozo kwa waajiriwa wa Tanga

Mtu wa miaka 56 au 57 aliyeko kiwandani Pongwe, bandarini au kwenye mashamba ya mkonge huwa na hesabu mbili kichwani. Ya kwanza ni ya mwili: magoti, mgongo, macho, zamu za usiku. Ya pili ni kadi ya bima. Dawa za presha na sukari za kila mwezi, kliniki pale hospitali ya Bombo, miwani, na mwenza ambaye naye anatibiwa kwa kadi hiyo hiyo. Wengi hudhani njia ni mbili tu, ama kukaza msuli wiki nzima hadi miaka 60, ama kuaga sasa na kujitegemea. Ipo ya tatu: kubaki mwajiriwa kwa siku tatu au nne kwa wiki. Sheria haiikatazi, na bima inaweza kubaki kama ilivyo. Sharti lake ni moja, nalo ndilo linalobeba mwongozo huu wote: jina lako lisitoke kwenye orodha ya mishahara hata mwezi mmoja.

Maelezo haya ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za kazi na mifuko yake.

Anza nyumbani, kwa mwenza wako

Kabla ya kwenda kwa afisa utumishi, uliza swali hili: je, mume au mke wako ni mwajiriwa anayekatwa mchango wa bima? Kama mwenza ni mwalimu, muuguzi au mtumishi wa halmashauri anayechangia Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, wewe unaingia kwenye kadi yake kama mwenza bila yeye kuongezewa makato. Watakachohitaji ni cheti cha ndoa, kitambulisho chako cha NIDA na fomu iliyopitishwa na mwajiri wake. Watu wameng'ang'ania kazi ngumu miaka mitatu kwa ajili ya bima ambayo wangeipata kwa kujaza fomu. Kama njia hii ipo, jisajili kwanza, hakikisha jina lako linaonekana kwenye mfumo, ndipo uamue kuhusu kazi ukiwa huru kabisa.

Mtumishi wa umma

Kwa aliye serikalini mambo ni tofauti, na mara nyingi ni mepesi zaidi. Mtumishi wa umma aliyekuwa akichangia NHIF akistaafu kwa mujibu wa sheria, yaani kwa hiari kuanzia miaka 55 au kwa lazima akiwa na 60, huendelea kutibiwa yeye na mwenza wake bila kukatwa tena. Hivyo hana sababu ya kujitesa kazini kwa ajili ya kadi yake mwenyewe. Angalia mambo mawili tu. Kwanza, haki hiyo inamgusa mstaafu na mwenza. Watoto na wazazi waliokuwa kwenye kadi wanatoka. Pili, ni haki ya anayestaafu. Anayeacha kazi akiwa na miaka 53 kwa sababu amechoka ameacha kazi, hakustaafu, na milango hiyo miwili ni mbalimbali kabisa. Kama umebakiza miaka miwili kufika 55, uliza kuhusu kuhamishiwa kituo cha jirani au kupewa majukumu mepesi kwa ushauri wa daktari. Usiandike barua ya kuacha kazi.

Yanayofuata yanamhusu hasa mwajiriwa wa sekta binafsi.

Ijue bima yako kwa jina lake

Kadi mfukoni haikuambii masharti. Mwombe afisa utumishi akuonyeshe mkataba wa bima wenyewe, au walau ukurasa unaoeleza ni nani anastahili kuwa mwanachama.

Kama ni NHIF ya michango ya mshahara, hesabu yake ni asilimia 6 ya mshahara wa msingi, na mwajiri hulipa angalau nusu. Kwa kuwa ni asilimia, mshahara ukipungua mchango nao unapungua, na kwa mwajiri hii ni nafuu. Uliza swali moja tu la ziada kwenye ofisi ya NHIF ya mkoa hapa mjini: kama kundi la mwajiri wako lina kima cha chini cha mchango. Kama kipo na mshahara mpya unashuka chini yake, tofauti italipwa na nani? Jibu hilo liingie kwenye mkataba.

Kama ni bima ya kundi iliyonunuliwa kwa kampuni binafsi ya bima, hapa ndipo penye kazi. Bima hii inalipiwa kwa mwaka na kwa kichwa, au kwa familia. Haitazami mshahara wala saa. Kwa mwajiri, mtu wa siku tatu anagharimu bima sawasawa na mtu wa siku sita, na ndiyo sababu waajiri wengi husita. Tena mikataba mingi ya namna hii ina maneno mawili ya kutafutwa kwa kidole, mstari kwa mstari. La kwanza ni maana ya «mwajiriwa»: ukikuta imeandikwa «mwajiriwa wa kudumu wa muda kamili», kupunguza siku bila kumhusisha mtoa bima kutakutoa kwenye orodha. La pili ni kikomo cha umri. Baadhi hukoma miaka 60, baadhi 65, na baadhi humpokea mwanachama wa zamani aendelee lakini hawampokei mpya mwenye umri huo. Tofauti hiyo ya mwisho ni kubwa mno kwako, na tutairudia.

Wapo pia waajiri wasio na bima yoyote, wenye makubaliano tu na zahanati au hospitali fulani: unatibiwa, bili inakwenda ofisini. Huo ni utaratibu wa ndani na unaweza kufutwa kwa tangazo la ubaoni. Usipange miaka yako ya mwisho juu yake. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 imemweka mwajiri wa sekta binafsi kwenye wajibu wa kuwasajili wafanyakazi wake kwenye bima, kwa hiyo una pa kuanzia ukitaka kuulizia.

Miezi 180

Wengi hawalijui hili, na peke yake linatosha kumshawishi mtu apunguze siku badala ya kuacha kazi. Ili upate pensheni ya kila mwezi unahitaji kuwa umechangiwa miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15. Inayohesabiwa ni miezi, si saa. Mwezi uliofanya kazi siku 12 na mchango ukapelekwa ni mwezi mmoja, sawa na mwezi uliofanya kazi siku 26.

Chukua mtu wa miaka 57 mwenye miezi 166 kwenye Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF. Akiacha leo, amebakiza miezi 14 na hana pensheni ya kila mwezi. Atapewa malipo ya mkupuo basi. Akifanya kazi siku tatu kwa wiki kwa mwaka mmoja na miezi miwili, anavuka mstari, na muda wote huo bima iko hai. Kwa hiyo, kabla ya mazungumzo yoyote, chukua taarifa ya michango yako NSSF na uipitie mwezi kwa mwezi, hasa miaka ya zamani na kipindi ulichobadilisha mwajiri. Mapengo ni mengi kuliko watu wanavyodhani: jina lililoandikwa tofauti na la NIDA, namba mbili za uanachama, mwajiri wa zamani aliyekata pesa asizipeleke. Pengo la mwaka 2009 linazibika kwa salari slipu za wakati huo. Zitafute mapema, kwenye bahasha ya kaki iliyoko juu ya kabati.

Upande wa pili wa shilingi: pensheni hukokotolewa kwa mishahara uliyochangiwa, kwa hiyo kushusha mshahara miaka ya mwisho kunaweza kupunguza mafao. Usikisie. Nenda ofisi ya mfuko ukiwa na mshahara wa sasa na ule unaotarajia, uombe wakufanyie hesabu mbili: ukistaafu ukiwa na 60 kwa mshahara kamili, na ukistaafu kwa mshahara uliopungua. Zichukue kwa maandishi, uzilinganishe mezani na mwenza wako. Kama tofauti inauma, punguza siku moja badala ya tatu, au anza kupunguza mwaka mmoja baadaye.

Jambo jingine la mfuko: usijaze fomu ya madai ya mafao wakati bado unafanya kazi za siku tatu. Ukishaomba mafao ya uzee umejitangaza mstaafu, na mwajiri hawezi kukuonyesha kama mwajiriwa anayeendelea.

Hesabu ya mshahara, kwa mfano kamili

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki, na kupata thamani ya saa moja unagawanya mshahara wa mwezi kwa saa za wiki mara 4.333. Kwa saa 45 hiyo ni saa 195 kwa mwezi.

Tuseme mshahara wa msingi ni shilingi 1,200,000 na unataka siku tatu za saa tisa, yaani saa 27 kwa wiki. Ni asilimia 60 ya muda, hivyo mshahara ni 720,000.

Kwa mshahara kamili makato yako ni NSSF asilimia 10, yaani 120,000, na NHIF asilimia 3, yaani 36,000. PAYE, yaani kodi ya mshahara, inatozwa baada ya kutoa NSSF: kwenye 1,080,000 ni 152,000. Unabaki na 892,000.

Kwa siku tatu: NSSF 72,000, NHIF 21,600. PAYE inatozwa kwenye 648,000, nayo ni 45,600. Unabaki na 580,800.

Tazama vizuri: umefanya kazi asilimia 60 ya muda lakini mkononi una asilimia 65 ya ulichokuwa unapata, kwa sababu kodi ya juu imekukwepa. Ongeza nauli na chakula cha mchana cha siku usizokwenda kazini, pengo linazidi kuwa dogo.

Upande wa mwajiri, kwa mtu huyo huyo: mshahara kamili, NSSF yake asilimia 10, NHIF asilimia 3 na mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi asilimia 0.5 ni 1,362,000 kwa mwezi. Kwa siku tatu ni 817,200. Anaokoa 544,800 kila mwezi na bado anabaki na fundi anayeijua mashine. Kama bima ni ya kundi na familia yako inalipiwa, tuseme kwa mfano, 1,500,000 kwa mwaka, hiyo ni 125,000 kwa mwezi, na akiba yake bado ni kubwa kuliko bima. Andika hesabu hii kwenye karatasi moja uende nayo. Mazungumzo ya bima ya kundi hukwama pale mwajiri anapoona gharama ya bima peke yake bila kuona alichookoa kwenye mshahara.

Wakati wa kwenda kuzungumza

Bima ya kundi ina tarehe ya kuhuishwa kila mwaka. Nenda miezi mitatu au minne kabla ya tarehe hiyo, kwa sababu ndipo mwajiri anapoandaa orodha mpya ya majina na tarehe za kuzaliwa na kujadiliana bei. Hapo anaweza kumwomba mtoa bima aongeze maneno yanayowataja wafanyakazi wa saa pungufu. Katikati ya mwaka, ombi lile lile linaonekana usumbufu.

Nenda na pendekezo, usiende na malalamiko. Siku zipi, kazi gani zitabaki kwako, nani utamfundisha. Kwenye kazi za ufundi, stoo, uhasibu na maabara, mwajiri anahofia zaidi maarifa kuondoka na mtu mmoja. Siku tatu za kazi na kijana pembeni anayejifunza ni biashara nzuri kwake. Kwa kazi za zamu, omba zamu za mchana zinazofuatana. Mwajiri akikupa Jumatatu, Alhamisi na Jumamosi usiku, umepunguziwa saa lakini mwili haujapumzika.

Kama kuna chama cha wafanyakazi na mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri kwa niaba ya wafanyakazi wote, usome kabla. TPAWU upande wa mashambani na TUICO upande wa viwandani wana matawi, na mkataba wa hali bora unaweza kuwa umeshaweka sharti la bima ambalo mwajiri hawezi kulipunguza kwa mtu mmoja mmoja.

Maneno ya kwenye karatasi

Usiandike mkataba mpya. Andika nyongeza ya mkataba uliopo. Mkataba mpya huleta tarehe mpya ya kuajiriwa, na tarehe mpya huleta maswali: kwenye bima unaweza kuhesabiwa mwanachama mpya mwenye miaka 58 na presha, kwenye likizo, anayeanza kazi upya hana haki ya likizo ya malipo hadi atimize miezi sita, kwenye kiinua mgongo cha kampuni, miaka yako 20 inaweza kufungwa na kuanza sifuri. Sheria inamtaka mwajiri akubadilishie maelezo ya ajira kwa kushauriana nawe na kukupa mabadiliko kwa maandishi. Hicho ndicho unachokiomba.

Nyongeza inayotosha inaweza kusomeka hivi:

«Kuanzia tarehe 1 Julai, saa za kawaida za kazi za mwajiriwa zitakuwa 27 kwa wiki, Jumatatu hadi Jumatano. Mshahara wa msingi utakuwa shilingi 720,000 kwa mwezi. Ajira inaendelea bila kukatika tangu tarehe ya kuajiriwa iliyomo kwenye mkataba wa awali. Mwajiri ataendelea kumweka mwajiriwa, mwenza wake na wategemezi wake waliosajiliwa kwenye bima ya afya ya wafanyakazi kwa masharti yale yale, na kuwasilisha michango ya bima na ya hifadhi ya jamii kila mwezi. Kiinua mgongo kwa miaka iliyotumikiwa hadi tarehe 30 Juni kitakokotolewa kwa mshahara wa tarehe hiyo. Masharti mengine ya mkataba wa awali hayabadiliki.»

Kila sentensi hapo ina kazi yake. «Saa za kawaida» inazuia ukiitwa siku ya nne uambiwe ni sehemu ya siku zako. «Bila kukatika» ndiyo inayokulinda kwenye bima. «Mwenza na wategemezi» imewekwa kwa sababu wapo waliobakizwa wao peke yao kwenye orodha, familia ikaondolewa kimya kimya, na mke akaligundua hilo dirishani hospitali. Sentensi ya kiinua mgongo huwa inasahaulika, na ni ya pesa nyingi: bila hiyo, miaka 20 ya mshahara kamili inaweza kukokotolewa kwa mshahara wa siku tatu.

Kama bima ni ya kundi, ambatanisha barua au baruapepe ya mtoa bima inayokubali kwamba mwajiriwa wa saa 27 anastahili. Kauli ya afisa utumishi kwamba «hakuna shida, tumeshaongea nao» haitakusaidia siku ya operesheni.

Mtego wa «njoo kama mshauri»

Waajiri wengi, wengine kwa nia njema kabisa, husema: staafu, tukulipe mkupuo wako, halafu uje siku tatu kwa wiki kama mshauri au kwa mkataba wa huduma. Pesa inaonekana nzuri kwa kuwa hakuna NSSF wala PAYE, inakatwa kodi ya zuio ya asilimia 5 tu. Lakini mtoa huduma si mwajiriwa: bima ya wafanyakazi imekwisha siku hiyo, miezi ya mchango imesimama, ukiumia kazini Mfuko wa Fidia haukutambui.

Kama umeshaingia humo, bado si mwisho. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa ikiwa, miongoni mwa vigezo vingine, saa zake na namna ya kufanya kazi vinaongozwa na anayemlipa, anatumia vifaa vya anayemlipa, au amemfanyia kazi wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Saa 27 kwa wiki ni 117 kwa mwezi. Jina lililoandikwa juu ya karatasi haliondoi ukweli wa kazi. Ni hoja ya kwenda nayo mezani kwa heshima kabla ya kwenda nayo penginepo.

Kabla tarehe ya kuanza haijafika

Matibabu makubwa yaliyopangwa yafanye ukiwa bado kwenye mshahara kamili. Likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara wote na nusu ya pili kwa nusu mshahara. Ukifanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho au ya tezi dume baada ya kupunguza siku, «mshahara wote» utakuwa ule mdogo. Meno na miwani navyo usiviache.

Chukua pia muhtasari wa faili lako la kliniki: ugonjwa, mwaka ulioanza, dawa na dozi. Siku utakapohamia bima nyingine utaulizwa, na kujibu kwa karatasi ya daktari ni salama kuliko kujibu kwa kumbukumbu. Usifiche presha wala sukari kwenye fomu ya bima. Mtoa bima akigundua baadaye ana sababu ya kukataa bili yote.

Miezi mitatu ya kwanza

Makosa mengi hutokea mwezi wa kwanza na wa pili, pale mtu wa mishahara anapobadilisha kumbukumbu kwenye mfumo. Salari slipu ikitoka, angalia mistari mitatu: mshahara wa msingi, NSSF, bima. Kama mstari wa bima haupo, nenda siku hiyo hiyo. Kama upo, bado thibitisha umefika: makato kwenye karatasi yanaonyesha tu kwamba pesa imetoka kwako. Angalia taarifa ya michango NSSF, na hali ya uanachama NHIF au kwa mtoa bima, kila mwisho wa mwezi kwa miezi mitatu. Kadi hufungwa pale mwajiri anapochelewesha michango, na mwanachama huwa wa mwisho kujua.

Mwambie mwenza naye aende kuchukua dawa zake kwa kadi mwezi wa kwanza, hata kama za mwezi uliopita zimebaki. Ni kipimo cha haraka kuliko barua kumi.

Ikiharibika

Ukitolewa kwenye bima kinyume cha nyongeza ya mkataba, andika barua fupi kwa mwajiri, ambatanisha nakala, omba irekebishwe kwa tarehe maalumu, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ikishindikana, Ofisi ya Kazi na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, zote zipo Tanga mjini. Kwenye CMA muda ni mfupi: siku 30 kwa mgogoro wa kuachishwa kazi, siku 60 kwa migogoro mingine. Usisubiri bosi arudi safari. Bili ulizolipa mfukoni wakati huo ziwekee risiti, kwa jina lako na tarehe.

Kukaribia 60

Miezi sita kabla ya siku ya mwisho, uliza maswali mawili. Je, mwajiri yuko tayari kukuendeleza baada ya 60 kwa mkataba wa muda maalumu, na mtoa bima anakubali umri huo kwa mwanachama anayeendelea? Kama ndiyo, mkataba huo uanze siku inayofuata siku ya mwisho ya ule wa zamani, pasiwe hata na Jumapili moja katikati, kwa sababu pengo la siku chache linatosha kukufanya mwanachama mpya.

Kama siyo, anza kutafuta bima ya kujilipia ukiwa bado una ya kazini. Vifurushi vya NHIF vya hiari, Ngorongoro Afya na Serengeti Afya, bei yake hupanda kwa umri, na baadhi ya huduma zina muda wa kusubiri. Ukijiunga wakati kadi ya kazini bado inafanya kazi, muda wa kusubiri unapita huku unaendelea kutibiwa. Ukijiunga baada ya kuaga, unausubiri ukiwa mtupu. Kulipa mara mbili kwa miezi michache kunauma, lakini kwa mwenye sukari au figo ni pesa iliyotumika vizuri.

Kwa wazazi na wajukuu waliokuwa wanakutegemea, angalia bima ya kaya. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, CHF, kwa miaka mingi ulitoza shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita nje ya Dar es Salaam, na sasa sheria ya bima kwa wote inaleta vifurushi vya kaya badala yake. Unapolinganisha, usitazame bei peke yake. Uliza rufaa inafika wapi. Vituo vya afya vya Makorora na Pongwe vitakutibu malaria na kukupa dawa za kawaida. Ugumu unaanza pale Bombo wanapoandika karatasi ya kwenda hospitali kubwa za KCMC au Muhimbili. Muulize ofisa wa bima hivi: nikiandikiwa rufaa ya Muhimbili kwa ugonjwa wa moyo, kadi hii inalipa kuanzia wapi hadi wapi? Mwombe akuonyeshe jibu kwenye kitabu cha mafao.

Siku ya kuaga, usirudishe kadi kabla ya kupewa barua inayotaja tarehe ya mwisho ya bima. Kwenye mikataba mingine ni siku yenyewe, kwenye mingine ni mwisho wa mwezi. Kama ni mwisho wa mwezi na umeaga tarehe 5, una wiki tatu na zaidi za kuchukua dawa, kupima macho na kumaliza vipimo vilivyoandikwa.